Mashine Haibebwi, Inatembezwa

Mwaka jana nilifuta video ambayo najua ingetrendi. Wanaume sita wanainua mashine ya chuma, wanahesabu moja, mbili, tatu. Sekunde chache baadaye mashine inalala upande, halafu unasikia mtu akipiga nduru.

Hiyo sauti ndiyo sababu naandika hii.

Mashine yenyewe ni kerezo, ile mafundi wa Kariobangi huita lethi. Inazungusha chuma huku kisu kikikichonga: bushi, shafti, pulei, chochote cha mviringo. Mjomba alikuwa anafunga gereji yake Industrial Area, akaniambia, "Chukua hii kitu kabla watu wa skrepa waikujie." Kilo 700 hivi. Lori lenye kreni likaishusha getini kwetu, Kayole. Kutoka hapo hadi banda la nyuma ni mita ishirini tu.

Nikaenda barabarani nikatafuta vibarua sita, mia tano kila mtu. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliiangalia ile mashine akasema, "Kijana, hii haibebwi. Inatembezwa." Alitaka twende tutafute mabomba na mbao. Mimi nikakataa. Si kwa sababu ya pesa, wasee. Ni kwa sababu kamera ilikuwa tayari, na wanaume sita wakiinua chuma ni video kali kuliko mzee mmoja na mtaimbo.

Kijana aliyeumia alikuwa amevaa akala. Vidole viwili vilivunjika. Bili ya hospitali nililipa, lakini wiki alizokaa nyumbani bila kazi hakuna mtu angemlipa kama nisingejisukuma mwenyewe. Ndiyo, Kenya ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ya 2007. Lakini mtu uliyemchukua kando ya barabara bila karatasi ataanzia wapi kuidai?

Siku iliyofuata yule mzee alirudi. Uzito wa lethi, alinieleza, hauko sawa. Umelala upande wa kichwa, pale penye gia, na mashine ni nzito juu kuliko chini. Ukiinua vibaya, inapinduka. Kwa hivyo alianza kwa kupunguza: kile kishikio kinachobana chuma kikatoka, kichwa cha nyuma kikatoka. Gari la kisu akalisukuma mbali na upande mzito. Miguu akaifunga kwa boliti juu ya mbao mbili ndefu ili isiyumbe. Kisha mtaimbo unainua kidogo, kipande cha mbao kinaingia chini, bomba linafuata. Inasukumwa polepole, bomba la nyuma linarudishwa mbele. Hakuna mkono ulioingia chini ya chuma. Watu watatu, masaa mawili, kazi kwisha.

Na sheria yake moja ilikuwa hii: ikianza kuanguka, toka, usiishike. Gia utapata Kariobangi. Kidole hakiuzwi.

Najua mtu atasema vijana wanahitaji kazi, na ukileta mabomba unawanyima watatu riziki. Hapana. Ukiwa na pesa ya watu sita, walipe watatu mara mbili na uwanunulie buti. Hiyo ndiyo kazi. Kumlipa mtu mia tano awe jeki si kumsaidia.

Shida yetu ni kwamba tunapenda nguvu ikionekana. Mtu akibeba gunia tatu tunampigia makofi na kushare. Anayepanga kazi hadi isihitaji nguvu, tunaona amechelewa. Mimi nilifikiri hivyo hivyo, na mtu mwingine ndiye alilipia.

Kama unaleta mashine nyumbani, kwanza uliza umeme: lethi nyingi za karakana zinataka feizi tatu, volti 415, na nyumba zetu nyingi zina feizi moja, volti 240. Pima mlango. Angalia sakafu kama itahimili. Halafu tafuta mzee anayejua, na akikwambia ngoja, ngoja.

Siku hizi nikichonga bushi kwa hiyo lethi, huyo kijana ndiye msaidizi wangu, siku tatu kwa wiki. Hatujawahi kuongea kuhusu ile video. Hajui kama niliifuta ama bado ninayo. Nadhani akisoma hapa ndiyo atajua.