Mja Mzito na Maombi ya Kazi

Katika nyumba nyingi siku hizi huzuka swali hili: binti aliyesoma, naye ni mja mzito, je, aombe kazi mpya au angoje hata ajifungue? Na akiitwa kuhojiwa, aitaje mimba yake, au aifiche ndani ya buibui pana?

Twaanza na sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya mimba, na katazo hilo lamhusu hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Kenya nayo ina katazo kama hilo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Basi mimba si aibu, wala si kilema cha kumkosesha mtu riziki.

Ama kunyamaza, si kusema uongo. Asiyeulizwa halazimiki kuieleza mimba yake. Lakini akiulizwa asikane, kwani tumbo halifichiki, na mwajiri akijua kuwa alidanganywa hatamwamini tena hata kwa ufunguo wa kasha. Na aseme kweli kwa utulivu, aeleze lini atarajia kujifungua na lini atarejea kazini.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui. Tanzania Bara mama hupata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Lakini kwa kawaida asiyetimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Mwenye mimba ya miezi 4 akianza kazi leo, atajifungua kabla ya kuitimiza miezi hiyo. Basi na ahesabu kabla ya kutia sahihi, na aombe mapatano ya likizo yaandikwe katika mkataba. Akisha kuajiriwa, sheria yamtaka atoe taarifa ya likizo miezi 3 kabla ya siku ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

Nanyi waume na wazazi, msimvunje moyo. Shaurianeni naye: kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa? Safari yake ni ndefu? Nani atakaa na mtoto? Mkiyajibu hayo pamoja, mtakuwa mmemsaidia. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nasi yatupasa kuitafuta kwa njia ya kweli.