Kaskazi Inapoaga Mwenge



Wenzetu wa nchi za baridi husubiri theluji iyeyuke na miti ichipue ndipo waseme mwaka umefunguka. Sisi wa pwani hatuna theluji ya kusubiri, lakini nasi tuna mlango wetu wa mwaka. Mlango huo ni siku hizi za mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi inapochoka na masika hayajabisha hodi. Upepo hukatika, jua huwa kali, shati hulowa jasho kabla ya saa tatu asubuhi, na mtu akiulizwa habari za nyumbani, jibu lake la kwanza ni joto.

Wazee wetu walikuwa na hesabu yao kwa mambo haya. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na kwa sababu hiyo hutangulia mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11. Basi watu wa pwani walihesabu pia mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu ya miongo mkulima alijua siku ya kupanda, na nahodha alijua siku ya kutweka tanga. Leo wengi wetu hatuijui hesabu hiyo; tunangoja Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze. Hata hivyo, mtu akitembea taratibu hapa Mwenge ataona kwamba mtaa wenyewe unaijua.

Juma lililopita, baada ya swala ya Alfajiri, hatukurudi kulala. Tulizunguka mtaani tukiangalia tu. Mama wa vitumbua alikuwa amekwisha kulihamisha jiko lake kutoka uwazini hadi chini ya upenu wa duka, na badala ya kununua mkaa wa kopo amenunua gunia zima. Alitueleza kwamba mvua ikianza, mkaa hulowa na bei hupanda, na mteja wa kitumbua hataki kusikia habari za mkaa. Fundi wa mabati alipita na ngazi begani na kopo la lami mkononi. Mwezi wa Agosti hakuna amkumbukaye. Leo ukimtaka, uweke miadi. Kijana wa bajaji aliyezoea kutupeleka sokoni haonekani tena. Tuliambiwa kwamba amekwenda kwao Rufiji kuandaa shamba la mpunga, na chombo amemwachia mdogo wake. Kwenye makutano ya Barabara ya Bagamoyo na ile ya Sam Nujoma, wachuuzi waliokuwa wakiuza leso za kujifutia jasho wameanza kutundika miavuli. Mkungu ulio karibu na duka la dawa umepukutisha majani mekundu ardhini. Na mwalimu wa madrasa ameikunja mikeka iliyokuwa chini ya mwarobaini akaihamishia barazani, watoto wakimsaidia kwa kelele nyingi na kazi kidogo.

Tulipita pia kwenye soko la vinyago, ambalo wageni wengi hulijua kuliko wanavyoujua mtaa wetu. Mafundi wake wengi ni Wamakonde, ambao asili yao ni kusini, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Wapo wachongao masanamu, na wapo wachongao bakora, vitana, upawa na mbao za bao. Magogo ya mpingo yalikuwa kivulini, kwa kuwa yakipigwa na jua kali hupasuka. Mzee mmoja aliyekuwa akiipiga msasa bakora alituambia kwamba miezi ya Aprili na Mei watalii hupungua, basi anachokiuza sasa ndicho kitakachomvusha. "Ninyi mnaogopa matope," alisema, "sisi tunaogopa ukimya." Tukanunua vitana viwili ambavyo hatukuwa tumevikusudia.

Tulipokuwa tukirudi, tulitafakari juu ya majina ya mahali petu. Mwenge umo katika kata ya Kijitonyama, na jina la Kijitonyama lina kijito ndani yake. Katika kata hiyo hiyo upo mtaa uitwao Bwawani. Ng'ambo kidogo ipo Mikocheni, iliyobeba jina la mikoche, na Msasani wana Bonde la Mpunga. Mpunga haulimwi pakavu. Upande wa Sinza na Tandale upo Mto Ng'ombe, ambao huenda kuungana na Msimbazi. Waliotangulia waliyaona maji, wakayapa mahali majina. Sisi tukayahifadhi majina, tukasahau maji. Desemba 2011, katika mvua za vuli, maji yalikumbusha: watu zaidi ya 40 walifariki hapa Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande.

Tungependa kuishia hapo, kwa maneno ya watu wote na kosa la watu wote. Lakini asubuhi ile ile tulifika mahali ambapo kosa lilikuwa letu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi bibi mmoja mjane, pamoja na mjukuu wake. Siku mbili kabla alikuwa ametuletea mbaazi za nazi katika bakuli, na kama ijulikanavyo, bakuli la jirani halirudi tupu. Tukatia mchele, tukalipeleka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Sijui mtakaa wapi, nyumba imepinduka."

Kweli ilikuwa imepinduka. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa, kila mguu juu ya matofali mawili. Sufuria zilikuwa juu ya kabati, na kabati lenyewe juu ya meza. Msahafu wake ulikuwa umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kutundikwa msumarini, karibu na dari.

"Mbona mapema hivi, bibi? Mvua yenyewe haijaja."

"Hii ikija haipigi hodi, mwanangu. Mwaka jana nilishuka kitandani kwenda kutawadha, nikakanyaga maji."

Ukutani palikuwa na alama tatu za maji, moja juu ya nyingine, kama zile ambazo wazazi huchora kupima kimo cha mtoto. Tukamwuliza. Ya chini, alisema, ni ya zamani, mjukuu wake hajazaliwa. Ya kati ni ya mwaka juzi. Ya juu ni ya mwaka jana.

Hakuongeza neno, na haikuhitajika. Mwaka juzi, kabla ya masika, tulileta malori mawili ya kifusi tukauinua uwanja wetu uliokuwa ukituama maji. Mwaka jana tukaupiga saruji, ukapendeza, watoto wakapata pa kuchezea. Maji yaliyokuwa yakilala kwetu hayakutoweka. Yalihamia kwake.

"Kwa nini hukutuambia, bibi?"

"Mlikuwa mmeufurahia sana uwanja wenu," alisema.

Tulirudi nyumbani hatuna la kusema. Sote tumesoma tangu utotoni kwamba Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani kwa muda mrefu, hata Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika mirathi. Nasi tulijihesabu kuwa majirani wema. Salamu tulimpa, nyama ya Idi tulimpelekea, akiugua tulimtazama. Lakini mchana tulimpelekea nyama, na usiku tulimpelekea maji. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Tuliuangalia uwanja wetu, tukaridhika, tukaishia ukutani.

Jioni yake tulikaa kikao cha nyumbani. Fundi alikuwa amekwisha kuja kupima, akasema dawa ni moja: saruji ipasuliwe kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele, hatua kama ishirini, uchimbwe mfereji utakaoyapeleka maji kwenye mtaro wa barabara, ufunikwe kwa vigae vya zege. Fedha zake zilikuwa zile tulizoziweka kwa ajili ya dari. Mmoja wetu alishauri tungoje masika haya yapite kwanza, ili tuone kama hali ni mbaya kiasi hicho. Mama wa nyumba akajibu, "Tukingoja tuone, atakayeonyesha ni yeye." Kikao kikafungwa. Dari itangoja.

Mfereji ulikwisha kwa siku mbili, lakini ulitufunulia jambo jingine. Mtaro wa barabara, ambao ndio ungeyapokea maji yetu, ulikuwa umeziba. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mitaro yetu ilipata nafuu ya mifuko. Sasa chupa za maji na soda zimeshika nafasi yake, pamoja na mchanga, makapi ya sokoni na matofali yaliyovunjika. Kuyatoa maji kwa bibi na kuyasimamisha kwenye mtaro uliokufa ni kumtafutia mafuriko mtu wa nyumba ya tatu. Tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukamweleza na imamu, naye akalitaja jambo hilo baada ya swala ya Ijumaa kwa maneno machache: kuondoa kiudhi njiani ni sehemu ya imani, na mtaro ni njia ya maji. Jumamosi walitoka watu wengi kuliko tulivyotarajia, Waislamu na Wakristo, wenye nyumba na wapangaji. Mama wa vitumbua alileta chai. Hadi adhuhuri maji machafu yaliyokaa miezi yalianza kusogea.

Lipo jambo moja ambalo siku ile lilisemwa kwa sauti ya chini, nasi tunaona ni wajibu kulisema hapa kwa sauti ya kawaida. Wapo miongoni mwetu wanaoisubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo. Usiku wa manane, maji yanapokimbia, mtu huufungua uchafu wa shimo lake ukaenda na mvua, akaokoa gharama ya gari la maji taka. Asubuhi watoto wa mitaa ya chini huyakanyaga maji hayo wakienda shule, na visima vifupi huyanywa. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015, Kinondoni ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kabisa, kilisambaa hadi mikoa mingi ya nchi. Ndugu yetu atawadhaye vizuri kwa ajili ya swala, kisha akamwagia jirani najisi gizani, na ajiulize ametwaharika vipi. Ikiwa gharama ya gari ni nzito kwa nyumba moja, nyumba tatu au nne zinaweza kuliita kwa pamoja siku moja na kugawana. Sisi na majirani wawili tumefanya hivyo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ya kwanza ilinyesha. Haikuwa masika yenyewe, bali mvua ya kujaribu bati. Tuliamka kama saa nane, tukatoka na tochi. Kumbikumbi walikuwa wameizunguka taa ya barazani. Maji yalikuwa yakipita chini ya vigae, tukiyasikia, na kwenye mtaro yalikuwa yakienda. Tulipofika kwa bibi, mlango wake ulikuwa wazi naye amesimama kizingitini, amejifunga kanga mbili, akiangalia ardhi ya mbele yake.

"Bado pakavu," alisema.

"Alhamdulillah, bibi. Kalale."

"Nitalala. Kwanza niiangalie kidogo."

Hatujui Aprili itakuja na mvua kiasi gani, wala kama hatua ishirini za mfereji zitatosha. Kitanda chake bado kiko juu ya matofali, nasi hatukumshauri akishushe. Kwa wasomaji wetu tuna ombi moja juma hili: kabla hujaita fundi wa kuziba bati lako, zunguka nje ya ukuta wako, utazame maji ya kwako huelekea kwa nani. Kisha mbishie hodi, umwulize. Huenda naye amenyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha, tunapoiona mvua, kumwomba Mwenyezi Mungu aijaalie kuwa yenye manufaa. Tumwombe hivyo, kwa paa letu na kwa paa la jirani. Amin.