Kreti za soda zitoke juani

Mwenye duka akitaka wateja waone bidhaa, huipanga nje. Ndiyo maana kreti za soda, juisi za chupa za plastiki na vinywaji vya kuongeza nguvu hushinda juani kutwa nzima, jioni vikarudishwa ndani vikiwa vya moto. Wengi hudhani hasara yake ni lebo kupauka tu.

Vingi kati ya vinywaji hivyo huhifadhiwa kwa sodiamu benzoeti, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E211. Dawa hii ikitumika kwa kipimo haina ubaya. Lakini ikikutana na vitamini C ndani ya chupa inaweza kuzaa benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na joto na mwanga huharakisha jambo hilo. Mwaka 2006 wakaguzi wa Marekani walikuta vinywaji vichache vimezidi kiwango cha benzini kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa nchini humo, na watengenezaji wakabadili michanganyiko yao. Hatusemi aliyekunywa soda ya moto jana amejiua; kiasi kilichokutwa kilikuwa kidogo. Hata hivyo, kusogeza kreti kivulini hakugharimu kitu.

Wasiwasi wetu mkubwa uko kwa wasindikaji wadogo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa vinywaji baridi ni miligramu 250 kwa kilo, yaani ndoo ya lita 20 haistahili kuzidi gramu 5 hivi. Anayekadiria kwa kijiko hawezi kujua ametia kiasi gani. Na mwenye juisi ya ubuyu ajihadhari zaidi, maana ubuyu una vitamini C nyingi ya asili. Huyo ni heri atumie potasiamu sorbeti (E202), isiyozaa benzini, nayo pia kwa mizani, au apashe juisi moto ipasavyo, aifunge katika chupa safi na kuiuza mapema ikiwa kwenye barafu.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS. Tunaliomba shirika hilo, pamoja na SIDO, liwafundishe wasindikaji kupima kabla ya kufika kukamata mali. Mama aliyekopa kwenye VICOBA kununua chupa na matunda akimwagiwa mzigo wote, deni linabaki palepale.