Kubadilisha spea si kutengeneza

Wasee, leo nitakosana na mafundi kadhaa, lakini lazima niseme. Kubadilisha spea si kutengeneza. Ni kubahatisha na pesa ya mwenyewe.

Mimi na binamu yangu tuna kwadi moja kuukuu, ile pikipiki ya magurudumu manne, tunaikodisha wikendi. Ikaanza tabia: inawaka vizuri, inakimbia kama dakika kumi, halafu inakohoa na kuzima. Ukiipumzisha kidogo, inawaka tena kama haijawahi kuugua. Fundi akaja, akaiwasha dakika mbili, akasema, "Koili." Tukanunua. Wapi! Akasema, "Kabureta." Tukanunua. Bado. Shilingi 11,500 zimeenda, na wateja wa Jumamosi mbili tumewarudishia pesa.

Mnajua shida ilikuwa nini? Kifuniko cha tangi! Kina kitundu cha kupitisha hewa, na matope yalikuwa yamekiziba. Mafuta yakipungua na hewa haiingii kujaza nafasi, yaliyobaki yanagoma kuteremka. Siku moja ilipozima nikafungua kifuniko, nikasikia fyuu, nikangoja kidogo, ikawaka. Nilizibua na sindano. Bei: sufuri.

Injini ndogo ya petroli haina uchawi. Inataka vitu vinne: mafuta, hewa, cheche kwa wakati wake na mgandamizo. Anza na vya bure. Mafuta yanafika? Kichujio cha hewa kimejaa vumbi? Toa plagi uisome: masizi meusi makavu, mafuta yamezidi hewa, nyeupe, mafuta ni haba. Ikiwa inakimbia tu ukivuta choki, hiyo inalia njaa ya mafuta. Plagi inaongea, ni sisi hatusikizi.

Najua mtasema fundi pia lazima ale. Kweli, na hapo ndipo sisi wateja tunakosea. Akitumia saa nzima kufikiria mpaka apate kitundu, tunampa mia na kuuliza, "Kwani umefanya nini?" Akifunga kabureta mpya, tunalipa maelfu na asante juu. Sisi ndio tumemfunza kuuza spea.

Kwa hivyo nimeamua: nitalipia kupima, hata kama hakuna kitu kimebadilishwa. Na kabla ya pesa ya spea kutoka, nauliza swali moja tu: "Umepima nini?" Akikosa jibu, mfuko unafungwa.