Tafakari ya Juma: Nani Amshike Mtoto Mkono?



Wapendwa familia ya Mungu, juma hili naomba tuyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa ukurasa huu: namna watoto wetu wanavyojifunza kuandika herufi zao za kwanza, na vile vichezeo vya elektroniki vinavyonunuliwa siku hizi ili viwafundishe. Kamati ya wazazi wa chekechea yetu imeniletea pendekezo kwamba sehemu ya sadaka ya mavuno inunue vichezeo hivyo, kimoja kwa kila watoto wawili, nayo imeomba maoni yangu kabla ya kikao. Maoni yangu ni kwamba tusinunue. Lakini neno hilo likitoka kinywani mwa paroko bila sababu huwa ni ubabe tu, kwa hiyo nawaomba mnivumilie nijieleze.

Kwanza tuvitendee haki. Vichezeo vyenyewe ni vya namna mbili. Vya namna ya kwanza vinasema na kuwaka taa. Mtoto anachagua herufi, vitaa vidogo vinamwonyesha pa kuanzia na upande wa kuelekea, naye anafuatisha kwa kalamu ya plastiki. Akimaliza, sauti inaitaja herufi na kumpongeza. Kampuni ya LeapFrog ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na VTech ya Hong Kong mwaka 2016, ni miongoni mwa zile zilizoeneza vichezeo vya aina hii ulimwenguni, na madukani kwetu vipo vingi visivyo na jina vinavyoviiga. Vingi kati ya hivyo vinasema Kiingereza. Jioni mtoto anaambiwa nyumbani kwamba herufi A inaitwa “ei”, asubuhi mwalimu anamwambia ni “a”, na maskini yule wa miaka minne anabaki akijiuliza ni nani kati ya wawili hao anayemdanganya.

Vya namna ya pili ni vile vibao vyembamba vyenye kioo cheusi. Mtoto anaandika kwa ncha ya plastiki, mstari unatokea wa kijani au wa rangi nyingi, na akibonyeza kitufe yote yanafutika. Hivi havisemi neno lolote. Navyo, kwa maoni yangu, ndivyo bora kuliko vile vya kwanza, ingawa bei yake ni ndogo. Sababu nitaitoa mbele kidogo.

Tena vichezeo hivi vina fadhila moja inayotuaibisha sisi watu wazima, nayo ni uvumilivu. Mtoto akikosea herufi mara thelathini, kichezeo kitamrudisha mwanzo mara thelathini kwa sauti ile ile. Hakimcheki mbele ya wenzake, wala hakimlinganishi na dada yake. Wapo wazee wa parokia hii ambao utotoni walichapwa viganjani kwa sababu waliandika kwa mkono wa kushoto, na mpaka leo wakishika kalamu mbele za watu mkono unasita. Kichezeo hakijali mtoto ameshika kalamu kwa mkono upi. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe hulia akifunguliwa daftari, lakini akipewa kichezeo hukaa nacho hadi giza linaingia. Neno hilo limenikaa moyoni. Kama mtoto anakimbilia mashine kwa kuwa mashine haina fimbo, basi tuanze na fimbo, maana kuiondoa hiyo hakuhitaji hata senti moja ya mavuno.

Sasa nije kwenye sababu zangu. Mwaka 2012 watafiti wawili, Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na Laura Engelhardt, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka mitano waliokuwa bado hawajajua kusoma. Herufi nyingine watoto hao waliziandika wenyewe kwa mkono huru, nyingine walizipiga kwenye kibodi, na nyingine walizifuatisha juu ya alama zilizokwisha kuchorwa. Baadaye walionyeshwa herufi hizo wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo unavyofanya kazi. Zile sehemu za ubongo ambazo msomaji huzitumia ziliamka kwa herufi walizoandika kwa mkono huru. Kwa zile walizopiga kwenye kibodi hazikuamka hivyo. Na kwa zile walizofuatisha, ambalo ndilo jambo linalofanywa na kile kichezeo chenye vitaa, vilevile hazikuamka hivyo.

Watoto wenyewe walikuwa wachache, nami si mtaalamu wa ubongo, basi sitaki kulibebesha jambo hili mzigo kuliko linavyoweza kubeba. Ila maelezo ya watafiti hao yaliniingia akilini mara moja, maana ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza analijua. Mtoto anapoandika mwenyewe, kila A yake inatoka tofauti: hii imelala, hii mguu mmoja umezidi, hii imekosa mkanda. Katika kuziona hizo zote, na kuambiwa kwamba zote ni A, ndimo anamojifunza A ni kitu gani. Kichezeo kinachomwongoza kwa vitaa kinamzuia asikosee, na kwa kumzuia hivyo kinampokonya somo lenyewe. Ndiyo sababu nimesema kibao cheusi kisichosema ni bora: pale mtoto yuko peke yake na kioo kitupu, kama alivyo peke yake na mchanga.

Wapo watakaonijibu kwamba hata Maria Montessori alifuatisha. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa kuwa masista wanaendesha chekechea nyingi kwa njia yake. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, daktari huyo Mkatoliki alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa maskini, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Humo aliwapa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya vibao, nao wakazipitia kwa vidole. Lakini tazameni tofauti. Msasa unakwaruza, kidole kikitoka nje ya herufi kinakuta ulaini, kwa hiyo mtoto mwenyewe anajisahihisha kwa kuhisi, wala hahitaji taa wala sauti ya pongezi. Na mwalimu alikuwa pale, akiionyesha herufi kwanza kwa kidole chake mwenyewe na kutamka sauti yake. Kisha siku ilifika ambapo mtoto aliviacha vibao, akachukua chaki, akaandika. Msasa wenyewe unauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na fundi seremala anayeutumia anajua kwamba hauna betri ya kwisha.

Walimu wetu wa Kiswahili wana neno ambalo nalipenda sana. Hawasemi tu kwamba mtoto anaandika herufi. Wanasema anaumba herufi. Anaziumba hewani kwa kidole, anaziumba mchangani, anaziumba juu ya meza, kisha ndipo anapewa penseli. Sijui aliyechagua neno hilo alifikiri nini, lakini sisi tunaosali Nasadiki kila Dominika hatuwezi kulisikia bila kukumbuka kazi ya nani huitwa hivyo. Na mahali pekee ambapo Injili inatuonyesha Bwana wetu akiandika, katika sura ya nane ya Yohane, aliandika ardhini, kwa kidole. Shule za vijijini ambako watoto huanzia mchangani zisijione zimebaki nyuma.

Kuumba huko kuna saa yake ngumu, nayo ndiyo ninayoitetea hapa. Ni ile saa ambapo mtoto ameshindwa, penseli imevunjika ncha, machozi yanakaribia, na mtu mzima anaweka mkono wake juu ya mkono ule mdogo na kuusogeza: shuka, pinda, panda. Mtoto anauhisi mkono huo ukilegea kidogo kidogo, mpaka siku moja anagundua kwamba umeondoka na herufi imetoka. Nabii Hosea, katika sura ya kumi na moja, anamweka Mungu mwenyewe katika hali hiyo: mzazi anayemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikononi, na mtoto asijue kwamba ndiye aliyekuwa akimtunza. Kichezeo kinaweza kumwonyesha mtoto njia ya herufi. Kulegeza mkono hakiwezi, kwa kuwa mkono hakina. Na pongezi zake ni zile zile kwa aliyehangaika juma zima na kwa aliyepatia mara ya kwanza.

Najua jibu la kamati, na ni jibu la haki: “Baba Paroko, mwalimu wetu ni mmoja na watoto ni wengi. Atashika mikono mingapi?” Hapa ndipo ninapoomba tuangalie fedha. Kiasi kile kile kilichopendekezwa kwa vichezeo kinatosha kumlipa msaidizi wa mwalimu kwa mwaka wa masomo. Parokiani tuna vijana waliomaliza kidato cha nne walio na subira na mwandiko mzuri, na hawana kazi. Vichezeo baada ya mwaka vitakuwa na kalamu zilizopotea na vioo vilivyopasuka. Msaidizi baada ya mwaka atakuwa amejua kazi, na huenda akataka kuendelea na chuo cha ualimu. Na kama kamati itaona ni lazima kununua chochote, basi wachukue vibao vichache vya bei ndogo visivyosema, kwa watoto walioingiwa na hofu ya daftari, wavitumie mpaka hofu ipungue.

Hata hivyo nyumbani kibao hicho kina kasoro moja: hakiweki kumbukumbu. Baba akirudi jioni hakuti kitu, maana kitufe kimekwisha kubonyezwa. Daftari huonyesha A za Jumatatu na A za Ijumaa, na mtu anaweza kuketi na mwanawe akasema, “Hebu ona ulikotoka.” Katika ibada ya Ubatizo, baraka ya mwisho inawaombea baba na mama kama walimu wa kwanza wa imani ya mtoto wao. Sidhani kwamba ualimu huo unaanza na Baba Yetu na kuruka penseli.

Kwa walio navyo tayari nyumbani, nina angalizo la haraka. Vingi vina betri bapa mfano wa sarafu. Hakikisheni mfuniko wake umefungwa kwa skrubu, kwa maana mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa mbili. Msisubiri kesho, mkimbizeni hospitali. Na kama kichezeo kinaunganishwa na intaneti na kinadai jina, picha na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, msikipe. Mwezi Novemba 2015 kampuni ile ya VTech niliyoitaja iliibiwa taarifa za watoto zaidi ya milioni sita, na mwaka 2018 ilikubali kulipa faini ya dola 650,000 nchini Marekani kwa jambo lililohusiana na hilo. Herufi A inaweza kufundishwa bila kumwambia mtu aliyeko Hong Kong mtoto amezaliwa lini.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Wapo wazazi, na hasa mabibi wanaolea wajukuu, ambao hununua vichezeo hivi kwa aibu. Wanajua kwamba mwandiko wao ni wa shida, au hawakupata shule, na hawataki mtoto agundue. Ninawaona siku ya ndoa, pale mezani penye daftari la parokia, shahidi anapoomba kuweka dole gumba kwa sauti ya chini ili harusi isisikie. Kwenu ninyi nasema: Mtume Paulo kwa kawaida aliwaachia wengine kalamu, Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio. Lakini mwishoni mwa Waraka kwa Wagalatia alishika kalamu mwenyewe, na akawaambia waziwazi watazame jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Wagalatia hawakuutupa waraka ule. Bibi, keti na mjukuu wako, umba naye herufi zako kubwa zilizopinda. Akikuuliza kwa nini yako imelala, mwambie na wewe unajifunza. Na kama ungependa kujifunza kwa siri kwanza, mlango wa ofisi ya parokia uko wazi kila Alhamisi baada ya Misa ya jioni. Katekista ana chaki, na kile kibao kimoja cheusi tulicholetewa kama zawadi mwaka jana nimekiweka huko kwa ajili yenu.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe kama kawaida. Mwenye mabaki ya msasa laini, usiokwangua vidole vya watoto, na aje nayo, pamoja na mkasi na gundi.

Nawatakia Dominika njema.