Aliyekata pesa ndiye alete sababu



Chukueni mfano wa mzee wa miaka 74 aliye kwenye orodha ya Inua Jamii. Haki yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 70 kwa siku. Mara pesa hazingii. Majirani wamepata, yeye hajapata. Akienda kuuliza, haambiwi kwa nini. Anaambiwa alete: kitambulisho na nakala yake, barua ya chifu, taarifa ya benki, uthibitisho kwamba halipwi pensheni, uthibitisho kwamba yuko hai. Amesimama pale mbele ya meza na bakora yake, na bado anadaiwa karatasi ya kuonyesha kuwa yuko hai!

Sasa tazameni nani kabebeshwa mzigo. Sajili ya vifo ni ya serikali. Orodha ya wanaolipwa pensheni ya serikali, ni ya serikali. Rekodi za malipo ziko kwa idara na kwa yule aliyepewa kazi ya kulipa. Mwenye faili zote amekaa kitini. Asiye na faili hata moja ndiye anayetumwa kuzitafuta, kwa nauli yake, na akifika anaambiwa sistemu iko chini, njoo Jumatatu.

Huo si uhakiki. Huko ni kumchosha mtu mpaka aache kudai.

Na sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Hiyo si sadaka ya mheshimiwa yeyote. Kifungu cha 47 kinasema haki yako ikiguswa na uamuzi wa afisi ya umma, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho. Inasema afisa akiombwa sababu asizitoe, uamuzi wake utachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Someni tena hapo. Yeye athibitishe, si mzee.

Najua jibu lao: kuna majina ya marehemu kwenye orodha, kuna wanaokula pesa za wengine. Ni kweli wizi upo, na ukaguzi lazima uwepo. Lakini ukaguzi wa haki huanza na notisi, humpa mtu nafasi ya kujieleza, na hukata pesa mwisho, ukweli ukishajulikana. Kukata kwanza na kuuliza baadaye ni kumhukumu mtu kisha kumwita kwenye kesi.

Uholanzi walifanya hivyo. Mamlaka yao ya kodi ilisimamisha ruzuku za malezi ya watoto kwa maelfu ya wazazi kwa shaka ya udanganyifu, ikawadai pesa walizokwisha kulipwa. Kosa dogo tu kama sahihi iliyokosekana kwenye fomu lilitosha kumtia mtu kwenye deni la maelfu ya euro. Uraia wa nchi mbili ulihesabiwa kama dalili ya hatari, na wengi walioumia walikuwa na asili ya kigeni, wakiwemo watu wa Morocco na Uturuki. Desemba 2020 kamati ya bunge ilitoa ripoti kali, na Januari 2021 serikali nzima ya Mark Rutte ikajiuzulu. Kila mzazi aliyedhulumiwa akaahidiwa euro 30,000. Lakini kuna nyumba zilizokuwa zimeshavunjika. Pesa zinarudi, miaka hairudi.

Kwa hivyo wiki hii kila mmoja wetu amshike mkono mzee mmoja.

1. Ulizeni kwanza: pesa zimechelewa kwa wote, au zimekatwa kwake peke yake? Malipo haya huchelewa nchi nzima, na hayo ni malalamiko mengine.

2. Chukueni taarifa ya akaunti yake ya miezi ile, ya benki au ya simu. Itaonyesha pesa ziliingia au hazikuingia, na kama ziliingia, zilitolewa lini. Hapo karatasi inamtetea mzee, na mwizi akiwepo katikati atajulikana.

3. Andikeni barua fupi kwa afisa wa ustawi wa jamii: jina, nambari ya kitambulisho, miezi isiyolipwa, na ombi la sababu kwa maandishi pamoja na malimbikizo. Nakala moja ipigwe muhuri na irudi nyumbani. Msimwachie mtu kitambulisho halisi.

4. Wakikaa kimya, pelekeni nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kupeleka malalamiko pale hakuna malipo.

Tusidanganyane, barua moja haitanyoosha mfumo. Lakini afisi iliyozoea wazee wanaorudi nyumbani kimya itashtuka ikipokea barua 40 kutoka mtaa mmoja, kila moja na tarehe yake na muhuri wake. Mzee akiulizwa tena ushahidi uko wapi, mjukuu wake awe pale kuuliza: na sababu yenu iko wapi?