Gari la umeme limelipiwa, halijafika: subira nayo ina mipaka yake

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la kidunia tupu, nalo ni gari la umeme ambalo mwenyewe amekwisha kulilipia na bado halijamfikia. Magari haya, pamoja na bajaji na pikipiki za umeme, hivi sasa yanauzwa Dar es Salaam, na wenzetu wa visiwani nao wanayaulizia. Tumekichukua kisiwa cha Mafia kuwa mfano wetu kwa kuwa huko kungojea ni kurefu kuliko kwingi. Gari likitoka Japani au China hushuka kwanza katika bandari ya Dar es Salaam, likapita forodhani, kisha likaenda kwa barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na hapo ndipo livushwe bahari hadi Kilindoni. Kila kituo kati ya hivyo kina karatasi zake, ada zake na ahadi zake.

Wapo watakaouliza, mtu wa Mafia gari la umeme la nini? Sisi hatuoni ajabu. Mafia ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 hivi. Kutoka Kilindoni hadi Utende kwa barabara ya lami ni kilomita 14 au 15, na hata anayekwenda Bweni, kule kaskazini kabisa, hasafiri mbali kiasi cha kuimaliza betri nzima. Petroli yote ya kisiwa huvushwa kwa vyombo, na bei yake hubeba gharama za safari hiyo. Mwenye gari linalochajiwa nyumbani kwake usiku ana haki ya kujiona amepumzika. Kweli, umeme wenyewe wa Mafia kwa miaka mingi umetoka katika jenereta za dizeli za TANESCO, kwa kuwa kisiwa kimekuwa nje ya gridi ya Taifa, tofauti na Pemba ambayo iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Basi mtu anaweza kuikimbia petroli kituoni akakutana na binamu yake dizeli ndani ya LUKU. Hilo lakini ni suala la watu wa umeme, nasi leo tunazungumzia fedha na ahadi.

Tuchukulie familia moja ya Kilindoni. Baba ameuza mavuno ya nazi ya misimu miwili, mama ametoa mkufu wake wa mahari, kijana aliyeko Dar es Salaam ameongezea. Fedha zimepelekwa kwa wakala, risiti imepatikana, na kauli iliyotolewa ni kwamba gari litafika baada ya miezi miwili. Miezi miwili imepita, ikawa minne. Simu inapopigwa, jibu ni moja: “Vuta subira, ndugu yangu, subira yavuta heri.” Siku nyingine simu haipokelewi kabisa. Ndani ya nyumba maneno yameanza, ada ya shule imefika, na baba anaona haya kukaa barazani kwa kuwa kila apitaye humuuliza gari li wapi.

Hapo ndipo tunapotaka kusema waziwazi. Subira aliyoisifu Allah (S.W.) katika Kitabu chake ni ya mja mbele ya jambo lisilo mikononi mwa mwanadamu, kama ugonjwa, msiba, ukame na tufani baharini. Ama subira anayodaiwa mnunuzi kwa sababu muuzaji amezichukua fedha zake akazizungushia biashara nyingine, hiyo si subira hata kidogo. Ni dhulma iliyovishwa kanzu. Mtume (S.A.W.) amehesabu kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki, na amefundisha pia kuwa mwenye uwezo akiichelewesha haki ya mwenziwe huwa amemdhulumu. Hatuoni kwa nini mafundisho hayo yahusu deni la unga dukani yasihusu deni la gari.

Sheria yetu haikumwacha mnunuzi wa kitu kisichokuwepo ashike tumaini peke yake. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla hayajavunwa, wakitanguliza fedha za mwaka mmoja au miwili. Hakuwakataza. Aliwaamuru tu kwamba anayelipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, au uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Biashara hiyo ndiyo iitwayo salam, na wakulima wa minazi wa Mafia wanaifahamu kwa vitendo, hata kama jina lake hawalitumii, kwani kuuza zao kabla halijawa mkononi si jambo geni kwao. Wanafahamu vilevile ugomvi unaozuka pale ambapo hapakutajwa idadi ya nazi wala mwezi wa kuangua.

Sasa, kipimo cha gari la umeme ni kipi? Hapa wengi hudanganyika. Katika gari la petroli tumezoea kuuliza mwaka wa kutengenezwa, kilomita lilizokwisha kwenda na hali ya bodi. Katika gari la umeme hayo yote hayafikii umuhimu wa betri, kwa kuwa betri ndiyo tangi na ndiyo sehemu kubwa ya thamani yake. Tutoe mfano wa Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwezi Desemba 2010, ambalo mitumba yake imejaa katika soko la Japani. Matoleo ya kwanza yalikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya LUKU. Betri hiyo haipozwi kwa maji, na joto huichosha. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, kwenye joto la jangwa, walilalamika kwamba magari yao yamepungukiwa nguvu mapema mno; na mwaka 2013 kampuni ikaweka dhamana kwamba betri ikishuka chini ya vipande 9 kati ya 12 vinavyoonekana kwenye dashibodi, ndani ya miaka 5 au maili 60,000, ingeshughulikiwa. Vipande hivyo 12 ndivyo pishi na ratili ya biashara hii. Mkataba unaosema “Nissan Leaf nyeupe, nzuri, ya mwaka 2012” haujasema kitu. Mwenye vipande 11 na mwenye vipande 6 wananunua vitu viwili tofauti, ijapokuwa picha zao zinafanana kama mapacha.

Tena kuna tofauti ambayo ni lazima familia ielewe kabla ya kutoa fedha. Gari lililotumika, lenye namba yake ya chasisi, ambalo umeonyeshwa kwa picha kwenye simu, haliwi salam. Salam ni kitu kilichosifiwa na kubebwa na dhima ya muuzaji, si kitu kimoja mahsusi kilichoko mahali fulani. Hilo la picha ni kununua kitu kisichohudhuria, na wanazuoni wametofautiana juu yake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba asiyekiona kitu hakinunui mpaka akione. Wanazuoni wa Kihanafi wanaruhusu, lakini humpa mnunuzi khiyari ya kuona, maana yake siku atakapokitia machoni ana haki ya kukikubali au kukirudisha. Na je, ni mawakala wangapi wanaokubali gari lirudishwe kutoka Kilindoni? Anayefuata kauli ya kwanza na amtume mtu mwaminifu akalione gari likiisha kushuka Dar es Salaam, akahesabu vipande vya betri, ndipo bei ikamilishwe.

Ama anayeagiza gari jipya au bajaji mpya ambayo kiwanda bado hakijaiunda, mlango wake ni istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah na kupitisha kwamba mkataba huu unazibana pande zote mbili, kwa sharti zitajwe aina, sifa, kiasi na muda. Kwamba malipo yanaweza kutolewa kwa mafungu. Na kwamba inajuzu kuweka sharti la fidia kwa mtengenezaji atakayechelewa, isipokuwa akizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Ndugu zetu wengi hawalijui sharti hili la mwisho. Hudhani kumwekea muuzaji fidia ya kuchelewa ni aina ya riba, wakakaa kimya kwa kumcha Mola wao, ilhali anayenufaika na ukimya huo ni mwingine kabisa.

Na fedha ya kutanguliza? Neno letu la Kiswahili arabuni limetoka moja kwa moja katika fiqhi, nalo lina mjadala mkubwa. Wahanafi, Wamaliki na Washafii hawakubali kwamba muuzaji ajimilikishe arabuni pale mnunuzi anapojitoa. Wahanbali wanakubali, na Baraza lile lile, mwaka 1993, liliikubali pale ambapo muda wa kungojea umewekewa kikomo. Angalieni hilo neno kikomo. Arabuni isiyo na tarehe Baraza hilo halikuikubali.

Tusidhani kuwa haya ni matatizo ya maskini wa visiwani tu. Tarehe 31 Machi 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilionyesha gari lake la Model 3 na kupokea arabuni ya dola 1,000 kwa kila aliyetaka kupanga foleni. Katika wiki moja walijiandikisha zaidi ya watu 300,000. Magari ya mwanzo, kama 30 hivi, yalikabidhiwa mwezi Julai 2017, na wengi waliendelea kungoja katika mwaka 2018. Hao angalau arabuni yao ilikuwa ya kurudishwa kwa atakayechoka. Mwezi Novemba 2017 kampuni hiyo hiyo ilionyesha gari la Roadster jipya, ikachukua arabuni ya dola 50,000, na kuahidi mwaka 2020. Hadi mwaka 2024 unamalizika hakuna mnunuzi aliyekabidhiwa. Na mwezi Juni 2024 kampuni ya Fisker, nayo ya magari ya umeme, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na waliokwisha pewa magari wakabaki wakijiuliza nani atawauzia vipuri. Tajiri anaweza kulisahau gari la dola 50,000 akaendelea kula. Familia yetu ya Kilindoni haiwezi.

Tuwatendee haki wauzaji pia. Mwaka 2021 viwanda vya magari duniani kote vilipunguza kazi kwa kukosa chipu za kompyuta, na wakala wa Kariakoo hakuwa na la kufanya. Meli huchelewa, forodha hukwama, kusi likivuma mkondo wa Mafia huchafuka. Muuzaji mwaminifu aliyepatwa na hayo hupiga simu yeye kabla hajapigiwa, akaeleza, akataja tarehe mpya, akampa mnunuzi nafasi ya kuchukua fedha zake. Huyo ndiye wa kuvutiwa subira, na Allah amesisitiza kumpa muhula aliyezidiwa. Tatizo letu ni yule anayejificha nyuma yake.

Lipo la nyumbani nalo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni ya muda na kuweka mashahidi. Basi familia inapoandika, imwandike pia mama aliyetoa mkufu wake. Mahari ni mali yake. Kama ameutoa kuwa mkopo, ni deni juu ya mume hata gari lisipofika. Kama ni hisa, sehemu ya gari ni yake. Kama ni zawadi, aseme mwenyewe kwa ridhaa yake mbele ya watu, si kunyamaza tu huku akiuangalia ukienda. Tumeona ndoa zikitikiswa na vitu vidogo kuliko hivi.

Limebaki moja, na kwa mtu wa Mafia huenda likawa kubwa kuliko yote: mahali pa kukabidhiana. Wanazuoni wetu wameweka sharti kwamba, katika salam ya kitu ambacho kukibeba kuna gharama, pahala pa kukabidhiana patajwe. Wakala wa Dar es Salaam anaposema “gari litafika,” mwulize litafika wapi. Kama karatasi imeandikwa bandari ya Dar es Salaam, basi tangu lango la bandari nauli ya Nyamisati ni ya mnunuzi, nafasi ndani ya kivuko ni ya mnunuzi, na chombo kikizama ni msiba wa mnunuzi. Kama imeandikwa Kilindoni, bahari yote ile iko juu ya muuzaji mpaka magurudumu yakanyage nchi kavu, na hadi hapo mwenye kungoja ni yeye. Wallaahu a'lam.